Makopo Mawili ya Baruti

Mimi si mtu wa kukaa na vitu viwili vya namna moja. Unga ukibaki kidogo kwenye mfuko wa zamani, naumwaga kwenye mpya, nakung'uta, basi. Ndivyo mama alivyonilea Bukavu, na ndivyo nilivyofanya Jumatano ile katika chumba cha nyuma, hapa ugenini kwetu Bellevue, wamama wa kanisa walipokuwa wanakuja kusali.

Chumba kile ni cha mume wangu, Théodore. Mchana anashona suti, jioni anajitengenezea risasi. Bunduki yake ina leseni, klabuni anaingia kwa kadi, ila risasi za dukani hazitaki, eti mita mia tisa haziendi sawasawa. Anachukua maganda yaliyokwisha kupigwa, anayasafisha, anatia fataki mpya, anapima baruti chembe kwa chembe kwenye mizani ndogo, halafu anafunga kwa kichwa cha risasi. Sketi yangu hajawahi kuipima hivyo! Na yote hayo ili Jumamosi alale kifudifudi huko nje ya mji, atoboe karatasi. Niliona wivu, nakiri. Kila Jumamosi nilipiga simu klabuni: mara bomba limepasuka, mara presha imepanda, wiki iliyotangulia nyumba inaungua. Alikuwa anakuja mbio, anakuta nimepika, niko mzima.

Jumatano ile mezani palikuwa na makopo mawili, kubwa na dogo. Kwa kawaida huacha moja tu. Dogo alilitoa kwa ajili ya rafiki yake Octave, kisha akaitwa kumpima bwana harusi. Nilichungulia: humu chembe za kijivu, humu chembe za kijivu. Nikamimina dogo kwenye kubwa, nikatikisa mara mbili, kopo tupu nikaliosha nikatia chumvi. Alhamisi Théodore akajaza risasi ishirini. Kopo dogo hakuliulizia, alidhani Octave ameshalichukua.

Jumamosi saa nne asubuhi Octave akagonga mlango. Huniita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Brigitte, nimekuja kukamata ile kopo ndogo. Ni baruti yangu ya pistolet, bunduki ndogo ya mkono."

"Ile? Nilimwanga ndani ya kubwa."

Alikaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. "Mungu wangu. Yaya, ile ya pistolet inawakaka mbio sana. Ndani ya bunduki ya Théodore, risasi itakayopata nyingi itapasua chuma, pale pale mbele ya uso wake."

Simu ya Théodore ilikuwa imezimwa. Kwenye mstari wa kupigia risasi ndiyo sheria. Octave akatoka mbio kutafuta gari, ingawa huko ni mwendo wa saa nzima. Mimi nikapiga ofisi ya klabu. Akapokea mama wa ofisini, yule yule wa kila Jumamosi, na nyuma yake nikasikia milio, mmoja baada ya mwingine.

"Mwambie asipige! Baruti imechanganyika, mimi ndiye niliyeichanganya!"

"Mama," akasema taratibu, "wiki iliyopita ilikuwa moto."

"Hii ni kweli! Naapa kwa Mungu!"

"Na presha, ilikuwa kweli?"

Nikapiga magoti jikoni, mtu mzima, nikalia kwa sauti.

"Sharp," akasema, yaani sawa. "Nitamwambia umepiga."

"Siyo kwamba nimepiga! Mwambie—"

Alikuwa ameshaweka simu mezani. Nikabaki na ile milio. Sikujua upi ni wake, kwa hiyo yote ilikuwa yake. Kila uliopita nilisema asante Yesu, kisha mwingine. Niliita jina lake kwenye simu, kana kwamba meza ile ingemfikishia. Sijawahi kuwa mtu bure kiasi kile. Mwishowe nikasikia viatu vikirudi.

"Anakusalimu," yule mama akasema, na nikajua anatabasamu. "Anasema amebakiza moja tu, halafu anakuja."

"Mkimbilie! Tafadhali, mama, mkimbilie!"

Mlio huo nikausikia. Haukulia kama ile mingine.