Kindi Aliyechukua Kitambaa cha Muhonja

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, saa tatu na nusu asubuhi, nikiwa nimeinama kutafuta kiatu chini ya kochi. Dirisha langu la sebuleni halina kioo. Nimelipeleka ofisini kwa wakubwa wa kaunti mara nne, yaani nimepeleka habari zake, na mara nne wameandika. Kuandika wanajua wale. Kioo ndicho hawajui.

Dirishani humo ndimo alimoingia kindi.

Marehemu mke wangu, Muhonja, aliacha vitambaa kumi na viwili vya kroshia, vya kufunikia makochi. Kumi na kimoja vimekamilika. Cha kumi na mbili kiliishia njiani: kona moja haipo, uzi unaning'inia, na sindano imechomekwa palepale alipoichomeka mwenyewe asubuhi ile ya kupelekwa hospitali. Miaka miwili sijaigusa. Nikipangusa vumbi nakizunguka, kama watu wanavyolizunguka gari la mkubwa.

Sasa huyo kindi akavipita vyote kumi na kimoja, vizima, vyenye maua, akaenda kuvuta kile. Sindano ikaanguka sakafuni, ti! Nikainua kichwa, nikakigonga kwenye kochi, na nilipofika dirishani kitambaa cha Muhonja kilikuwa kinapanda jakaranda ya nyuma ya nyumba, kinapepea kama bendera.

Nilikwenda ofisini siku hiyohiyo. Nikaomba mti ukatwe. Karani alinisikiliza huku anatafuna njugu.

"Mzee, mti wenyewe una namba?"

"Umepigwa namba, ndiyo."

"Basi ni wa kaunti. Hukati tawi, hupandi, hutikisi."

"Na kindi?"

"Huyo ni mnyama wa porini. Ni wa serikali."

"Basi serikali imwamuru ashuke."

"Jaza fomu, mzee."

Nikajaza. Penye aina ya hasara nikaandika: mke. Akafuta, akaandika: kitambaa.

Nikaona heri nijisimamie. Nikaenda Soko la Burma, soko la nyama, kwa Kabiru, mwenye buchari, ambaye mbwa wake alikuwa amezaa nyuma ya duka.

"Chukua huyu," Kabiru akasema. "Ana miezi saba. Damu ya uwindaji hiyo! Nyama haimpiti."

"Amewahi kukimbiza kitu?"

"Baba Shiku, mbwa aliyekaa na nyama tangu azaliwe, wewe utamfundisha nini?"

Nikamwita Diwani, kwa sababu alikula siku tatu mfululizo bila kufanya kazi yoyote.

Uwindaji ulianza Jumamosi. Nilimshika kichwa nikamwelekeza juu mtini. Akatazama kidole changu. Nikaonyesha tena, akakilamba. Kindi mwenyewe akateremka bila haraka, akaingia kwenye sufuria ya Diwani, akala ugali, akapangusa masharubu. Diwani akamsogezea nafasi.

Yurub, jirani yangu anayeuza mapazia Eastleigh, alikuwa amesimama mlangoni pake. Gauni alikuwa amelikusanya mkononi, maana pua ya mbwa ikiligusa itabidi alifue upya kabla ya kusali.

"Baba Shiku, mbwa wako ana adabu kuliko watoto wangu."

"Mama Sagal, usicheke. Anamsoma adui."

"Anasoma? Mnunulie kitabu basi."

Nikamwacha. Nikachukua panga nikate fimbo ya kutikisia matawi, nikaanza kulinoa kwa tupa. Mlio wa kwanza tu, kriii, Diwani akaruka kama ameitwa jina. Akaja mbio, akaketi wima mbele yangu, masikio juu, mate yanadondoka.

"Umeona?" nikamwambia Yurub. "Damu imeamka!"

Nikaelekeza panga mtini. "Shika!" Hakusogea hata ukucha. Nikanoa tena. Akanyoosha mgongo zaidi. Nikanoa, nikanoa, hadi panga likakonda likawa kama kisu cha mkate, na yule ameketi tu, macho kwenye mikono yangu.

"Wallahi, Baba Shiku," Yurub akasema amejishika mbavu, "huyo yuko kwenye foleni. Anangoja umkatie kipande chake."

Nikatazama vizuri. Kweli kabisa. Mnyama huyu maisha yake yote alijua kwamba nyama hutoka juu ya meza, kisu kikishalia. Kwamba nyama inaweza kuwa na miguu yake, hakuna aliyewahi kumwambia. Nikamlaumu Kabiru, halafu nikaona si haki. Wa kulaumiwa ni waliotoa ruhusa buchari zote zikae sehemu moja.

Nikampigia simu Muturi, fundi wa milango kule Kariobangi. Akaja na ngazi begani.

"Niaje mzae. Unawinda ama unapamba Krismasi?"

"Shika ngazi, unyamaze."

"Na hii mbwa ni ya nini?"

"Kindi akishuka, Diwani atamngoja chini."

Muturi akamtazama Diwani, Diwani akampa mkono. "Huyu? Huyu atamuuliza anataka kilo ngapi."

Nikapanda, panga mkononi, magoti yanalia kila kipandio. Nilipofikia kiota kindi akaniruka usoni, akapita juu ya kofia, akashuka mgongoni kama anashuka ngazi za nyumba yake, akatua chini.

"Shika, Diwani! Shika!"

Nikatazama chini. Diwani alikuwa ameketi wima. Kindi alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, hatua moja nyuma yake. Wote wawili wananiangalia mimi na panga langu, kama wateja waliofika mapema.

"Mzae," Muturi akasema, "hebu wahudumie."

Nikaingiza mkono kiotani. Vidole vilikijua kitambaa kabla ya macho, vile vifundo vidogo vilivyobana, maana Muhonja alibana uzi kama alivyobana maneno. Nikavuta kidogo. Kikalia.

Ndani kulikuwa na watoto watatu, uchi, wamefumba macho, uzi wa Muhonja umewazunguka.

"Umepata?" Muturi akauliza.

"Nimepata."

"Si uvute tushuke? Kazi inaningoja."

Nilikuwa nimeshika kona ileile isiyokuwepo, pale uzi unapoishia. Mvuto mmoja tu na kingekuwa changu. Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Lakini nimewahi kuona tingatinga likifika mtaani kubomoa nyumba, asubuhi, watu wakinywa chai. Nimeona sufuria zikitolewa barabarani na chai bado imo. Mimi ni mzee mchungu, sikatai, ila mimi si serikali. Nikawafunika vizuri, nikashuka mikono mitupu.

"Kiko wapi?" Yurub akauliza.

"Kina watu."

Akainua macho mtini. "Marehemu angekasirika?"

"Angeniuliza kwa nini sikumalizia kona."

Jumatatu nikarudi ofisini. Sikutaka tena mti ukatwe. Nilitaka karatasi yenye mstari mmoja na muhuri: kwamba kitambaa ni cha Muhonja, kindi amekiazima tu. Kile chake cha mwisho kisije kikaandikwa jina la mtu mwingine. Karani akaacha kutafuna. Akamwita mkubwa wake, naye akamwita wake, wakasimama watatu wakiangalia fomu moja.

"Mzee, hebu rudi Jumatano."

Nimerudi Jumatano tatu. Naenda na Diwani, na hakuna anayekaa foleni kumshinda. Wiki iliyopita alipewa namba kabla yangu. Sindano iko mfukoni mwangu. Na swali langu liko palepale kwenye fomu: mti ni wa kaunti, kindi ni wa serikali, dirisha likivunjika ni langu. Je, kitambaa cha Muhonja ni cha nani?