Viatu Vilivyofukizwa Udi

Niliporudi kutoka bombani, nyumba nzima ilikuwa inanukia udi. Kesho yake binti wa jirani alikuwa anaolewa, na mama mdogo Rukiah alikuwa amefanya kama wanawake wa kwetu Wanubi wanavyofanya: amewasha chetezo, amefunika kikapu juu yake, na juu ya kikapu ametandaza nguo za harusi zishike moshi. Niliweka dumu chini. Kisha nikaona, katikati ya magauni, viatu vya Celestine nilivyopewa kutunza.

Vilikuwa viatu vya kuchezea salsa, vya kitambaa laini rangi ya dhahabu, kisigino chembamba. Soli yake ni ya ngozi ya swedi, ile yenye manyoya mafupi, ili mchezaji ateleze kidogo tu na akitaka kusimama, asimame. Kiatu kama hicho hakiguswi na maji. Hakipakwi rangi. Unakipiga brashi ya waya upande mmoja hadi manyoya yaamke, unakijaza magazeti yanywe jasho, unakitia kwenye mfuko wa kitambaa. Na hakiwekwi karibu na moto, kwa sababu soli imeshikwa na gundi tu.

"Nimekusaidia, mwanangu," mama mdogo alisema kutoka jikoni. "Vilikuwa vinanuka. Babu yako alivaa buti la jeshi maisha yake yote na halikunuka hivyo!"

Nilikiinua cha kulia. Kilikuwa na joto kama mkate. Nilibonyeza ncha ya soli kwa kidole gumba, ikafunguka.

"Vinanukia sasa, au uongo?"

"Vinanukia, mama. Asante."

Mama mdogo alinichukua nilipoacha shule darasa la tano, na hajawahi kunigusa isipokuwa kwa wema. Nikavitia viatu ndani ya mfuko, nikachukua begi langu la brashi, nikatoka.

Mchana ule Celestine alikuwa anashindana. Ni Mkenya, anasuka nywele kwenye saluni moja Kabalagala, na siku za mazoezi anakuja kwenye ukumbi wa Bugolobi ambako mimi nafagia na kutunza viatu vya wachezaji. Mwaka jana aliteleza akizunguka, kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika. Alikaa na plasta miezi, nikawa nampelekea chai. Daktari alimwambia kikivunjika tena, asahau kucheza. Na kiatu kilichofunguka kilikuwa cha kulia.

Fundi viatu wa pale steji ya boda alikipindapinda, akakipaka gundi, akakifunga kamba.

"Kilaze chini ya jiwe hadi kesho," alisema.

"Kinavaliwa leo."

"Leo?" Akanitazama. "Basi avae, lakini asicheze."

Nilitembea haraka, mfuko nimeubana kwapani, kidole changu kikiibonyeza soli ile kana kwamba naweza kuikausha kwa kuibonyeza. Kila nilipofika kwenye kona nilipanga maneno. Celestine, samahani, viatu vimeharibika. Celestine, usivivae. Maneno yalikuwa mazuri barabarani. Nilipoona mlango wa ukumbi na watu waliojaa, yakanikimbia yote.

Mimi ni mtu wa kukaa ukutani. Watu wakinitazama wengi kwa pamoja, shingo inaniwasha na sauti inarudi tumboni. Nilifungua kamba ya fundi nyuma ya mlango, nikabonyeza tena. Ilishika. Nikabonyeza kwa nguvu. Ilishika kidogo.

"Muba! Uko wapi wewe, nimekufa hapa!" Celestine alikuwa amekwisha vaa gauni, nywele zimebanwa, miguu mitupu. Akanipokonya mfuko kabla sijafungua mdomo. "Na hii harufu? Jamani, njooni mnuse! Leo nanukia kama bibi harusi!"

Wasichana wawili wakanusa, wakacheka. Odoch, anayecheza naye, akakinusa pia, akajifanya anazimia. Odoch ni Mwacholi, Kiswahili chake alikipata kambini kwa baba yake askari.

"Hii viatu iko na bwana tayari," alisema. "Mimi naogopa kushika."

"Celestine," nilisema.

"Nini, mrembo wangu?"

"Viatu..."

"Ni vizuri sana! Mungu akubariki." Alikuwa anafunga bizimu. Kipaza sauti kikaita wachezaji wajipange, naye akanyanyuka, akanishika shavu, akaenda. Nilitazama mguu wake wa kulia. Kila alipokanyaga, ncha ya soli ilibaki nyuma kidogo ya kiatu, kama ulimi.

Nilikwenda ukutani kwangu. Nikarudi. Nikachukua brashi, nikaiweka. Jozi ya kwanza ilicheza, sikuiona. Nilikuwa namwona Celestine kwenye foleni akijaribu kifundo chake, akikizungusha taratibu huku na huku, uso umekazwa, akitabasamu kila Odoch alipomtazama. Alikuwa anaogopa. Alikuwa ametuficha wote kwamba anaogopa. Jozi ya pili ikaingia. Baada yao ni wao.

Sijui miguu yangu ilinifikishaje katikati ya watu. Nilisikia tu sauti, kubwa, ya mtu mwingine.

"Celestine, vua!"

Ukumbi uligeuka. Mwanamume mmoja upande wa viti akauliza, "Avue nini tena?" na watu wakaangua kicheko. Shingo iliwaka moto. Muziki ulikuwa unaendelea na wale wawili walikuwa bado wanacheza.

"Viatu," nilisema. "Vua viatu. Soli imeachia."

Celestine alitoka kwenye foleni, akanivuta pembeni, akavua cha kulia na kukikunja. Soli ikafunguka hadi katikati.

Hakucheka.

"Nani amefanya hivi?"

"Viliwekwa juu ya udi. Moto uliyeyusha gundi."

"Na ulikuwa unajua nilipokuwa navaa?"

"Nilikuwa najua."

"Mubaraka!" Hajawahi kuniita jina zima. "Ningezunguka na hiki? Na mguu huu?"

Odoch alikuwa amefika. "Kwisha," alisema. "Tunaenda nyumbani."

"Nacheza miguu mitupu."

"Hapana. Hiyo sakafu iko na vijiti. Na wamesema bila viatu, unatoka."

Begi langu lilikuwa begani. Ndani, chini ya brashi na magazeti, kulikuwa na kitu ambacho hakuna mtu aliyekijua, na nilitaka kiendelee kutojulikana. Nilisimama. Nadhani ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angenilaumu kwa hilo. Kisha nikamwona anakishika kifundo chake kwa mkono, kama mtu anayemshika mtoto asikimbie.

Nilitoa viatu vya kahawia.

Vilikuwa vyake vya zamani. Alinipa wakati wa Ramadhani nitoe bizimu, kisha nivitupe. Celestine alivipokea, akavigeuza. Soli ilikuwa imepigwa brashi, manyoya yamesimama yote, isipokuwa mahali pamoja, chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, palipolika hadi ngozi ikang'aa. Soli hailiki pale kwa kutembea. Inalika pale kwa kuzunguka.

"Hapa sikupamaliza mimi," alisema. "Nani anavichezea?"

Odoch alitazama miguu yangu ndani ya malapa, akaguna.

"Asubuhi anafagia," alisema polepole. "Mlango amefunga. Mimi nasema huyu anafagia nini saa zote hizo."

Kipaza sauti kikaita namba yao. Celestine akakaa chini, akavaa, akavuta mikanda, akasimama na kukanyaga mara moja kwa nguvu. Wakaingia.

Sikutazama uso wake. Nilitazama mguu wa kulia tu. Walipofika pale panapotisha, Odoch akamrusha kwenye mzunguko, na gauni likafunguka, na mimi nikashika ukuta kwa mikono yote miwili. Mguu ukateleza kidogo. Ukasimama.

Hawakushinda. Kikombe kilikwenda kwa jozi ya Kyambogo, na Odoch akasema majaji hawana macho. Celestine alikuja ukutani akitokwa na jasho, akakaa sakafuni mbele yangu, akavua viatu vya kahawia kimoja kimoja na kuviweka karibu na malapa yangu.

"Nimekukasirikia," alisema. "Nitakukasirikia mpaka Jumatatu. Sasa vaa, nikuone."

"Hapa? Watu wapo."

"Watu wanakula sambusa. Vaa."

Nilipiga goti. Mguu wangu ni mwembamba, tundu langu la mkanda ni la mwisho. Nikavuta mkanda mpaka hapo, nikafunga bizimu.