Sakafu ya Mama Audilia

Mama yangu alisema sakafu ina baridi, na watu watatu wenye akili zao wakamjibu kwamba si sakafu, ni uzee. Wa kwanza alikuwa fundi aliyelipwa kuiziba. Wa pili alikuwa mkaguzi aliyekuja kuitazama kazi. Wa tatu, na huyu sijamsamehe vizuri mpaka leo, alikuwa kaka yangu Eleodoro, aliyejifunza kutembea juu ya sakafu hiyohiyo.

Nyumba zetu hapa kisiwani Aucamó ni za mbao na zinasimama juu ya nguzo. Uvungu wake ni mali ya kuku, kondoo na upepo wa baharini. Ukikaa jikoni karibu na jiko la kuni, uso unachomeka huku miguu inaganda. Tulikua hivyo, soksi mbili kila mguu, na hatukuona ajabu. Lakini mapafu ya Mama yalipoanza kumsumbua, muuguzi wa zahanati alisema wazi kwamba baridi ya chini ndiyo itakayommaliza. Kwa bahati nzuri ukaja mradi wa kuziba sakafu za wazee. Kwa bahati mbaya, kazi akapewa Nolberto Oyarzo.

Nolberto ni mtu wa hapahapa, mwenye vibanda vya kupangisha watalii na ulimi wa asali. Anajua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Muda wote wa kazi alikula milcao za Mama, zile za viazi na mafuta ya nguruwe, na kila akiongezewa alimwombea maisha marefu. Maisha marefu! Mtu anakula chakula cha bibi kizee huku anamchimbia kaburi, na mdomo wake unashukuru.

Kazi yenyewe si ya siri. Sufu ya kioo, ile ya kuzuia baridi, inakuja katika marobota, inakatwa vipande, inapachikwa kati ya boriti mpaka ishikane na mbao za sakafu, kisha inakazwa kwa waya isianguke. Unalala chali kwenye matope na vumbi linakuingia machoni. Simlaumu mtu anayeichukia kazi hiyo. Namlaumu anayesema ameifanya.

Alipomaliza, Nolberto aliziba uvungu wote pembeni kwa mbao, akaacha kilango kimoja tu upande wa nyuma. Mkaguzi akafika na viatu safi, akachuchumaa mbele ya kilango, akamulika tochi, akaona sufu ya manjano imepangwa vizuri, akamwambia Mama baridi anayoisikia ni ya uzee, akaenda zake. Na mimi nilimulika, nikaona hayohayo. Kuingia sikuweza, kilango kile kilikuwa saizi ya paka, na mwili wangu mnaujua. Tena Nolberto alikuwa ametuonya tusiingie hata kidogo. Alisema sufu ikiguswa, vumbi lake litapanda juu na kumwingia mgonjwa kifuani.

Majira ya baridi yakaja. Mama akaniita chumbani, akanishika mkono na kukibandika kiganja changu sakafuni, kando ya kitanda chake.

"Inapanda, Orfelina," akasema. "Mimi sijachanganyikiwa."

Niliisikia baridi mpaka kwenye kiwiko. Nikaenda moja kwa moja kumtafuta Nolberto, nikamkuta dukani, kazungukwa na watu. Nilimweleza kwa adabu. Yeye akacheka.

"Dada, damu ya wazee ni nyepesi," akasema. "Huyo hata ukimtia kwenye tanuri ataomba blanketi."

Watu wote dukani walicheka. Nilirudi nyumbani nikimtukana njia nzima, lakini nilikuwa nautukana upepo tu. Nikampigia simu Eleodoro, anayekaa mjini Puerto Montt, ng'ambo ya bahari. Na Eleodoro, badala ya kumpigia Mama, akampigia Nolberto, kwa kuwa walicheza mpira pamoja utotoni. Akanirudia na maneno ya tanuri na blanketi, neno kwa neno.

Mwezi wa nane Mama alishikwa na nimonia. Tulimvusha kwa feri akiwa hajitambui. Alipona, Mungu ashukuriwe, ila alipotoka hospitali kaka yangu alimpeleka kwake, ghorofa ya nne, mahali ambapo dirisha linatazama ukuta wa jengo jingine. Kila Mama akinipigia aliuliza nani anawalisha kuku. Eleodoro alishakata shauri kwamba harudi tena kisiwani. Nyumba imezibwa, alisema, na bado anaona baridi, basi tatizo si nyumba. Hoja hiyo ndiyo iliyonishinda, maana kama sakafu kweli ilikuwa imezibwa, basi Eleodoro alikuwa amesema kweli.

Kisha bahari ikaanza kula ukingo. Mawimbi ya msimu ule yalimega ardhi mpaka karibu na mlango wa jikoni, ikabidi nyumba ihamishiwe juu, kwenye shamba letu la viazi. Eleodoro alikubali haraka, kwa kuwa alishaanza kupiga hesabu ya kuwapangisha watalii kiangazi. Aliyepinga ni Nolberto. Alikuja mwenyewe, hakuitwa na mtu, akazunguka nyumba akigonga mbao kwa vidole, akasema zimechoka, zitafumuka njiani, heri tuibomoe na yeye atatujengea nyingine. Nilidhani anatafuta kazi. Nikamwambia nyumba ya Mama haibomolewi, itavutwa na ng'ombe kama alivyoivuta babu yangu.

Hapo ndipo ninapomshangaa Nolberto. Mtu amezaliwa hapa, tangu mtoto amekimbia nyuma ya nyumba zinazokokotwa, na bado akaficha wizi wake chini ya nyumba. Kwingine labda angezikwa na siri yake. Huku kwetu nyumba zinasafiri.

Siku ya minga, yaani siku ya majirani kusaidiana kuvuta nyumba, ilipofika, Eleodoro alivuka kwa feri, majirani walikuja na jozi zao za ng'ombe, kamba na magogo, na Nolberto akaja na zake. Asingeweza kukosa. Anayekosa minga ya jirani bila kuwa na maiti ndani, kwenye yake haji mtu. Akajitolea kung'oa zile mbao za kuziba uvungu, yeye peke yake, wenzake wakanywe kwanza pombe ya matufaha. Mzee Sofanor, ambaye ndiye anayeongoza kuvuta nyumba hapa kwetu, akamwambia akawashike ng'ombe wake. Vijana wakang'oa mbao, wengine wakatia miti ya kunyanyulia upande wa nyuma, nyumba ikainuka ili magogo ya kutelezea yapite chini yake, na mwanga ukaingia.

Karibu na kilango palikuwa na sufu, imekazwa waya vizuri kabisa, kina cha mkono wa mtu. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Boriti tupu, utando wa buibui, na katikati ya mbao nyufa ambazo kupitia kwazo ungeweza kuona mwanga wa dirisha la chumba cha Mama. Mzee Sofanor, na umri wake ule, alilala kwenye majani mabichi akatazama mwanzo mpaka mwisho. Akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali. Mtu mmoja akasema sasa tumejua kwa nini vibanda vya watalii vya Nolberto vina joto namna ile. Safari hii hakucheka mtu.

Nolberto akasema ni kondoo, wameila sufu.

"Walipitia mlango gani?" Mzee Sofanor akauliza.

Basi ni panya, akasema. Kisha akasema alikuwa na nia ya kurudi kumalizia. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alishafika mwisho wake.

Nilikuwa na mwiko mkononi, nimetoka jikoni, na nasema kweli mbele ya Mungu kwamba nilitaka kumpasua nao. Nilimwona Mama sakafuni akikohoa, nikamwona kwenye feri na midomo ya bluu. Kabla sijafika, Eleodoro alikuwa ameshamkaba Nolberto shingoni na watu wanamvuta nyuma. Hilo nalo likanichoma.

"Mwache," nikamwambia. "Ulimwamini yeye kuliko mama yako mzazi. Leo usijifanye ndiye mwenye uchungu."

Akamwachia. Watu wakawa wananitazama mimi, maana nyumba ilikuwa ya mama yangu na minga ilikuwa yangu.

Katika minga hakuna anayeamrishwa. Mwenye nyumba anakwenda kwa jirani na kumsihi kwa maneno ya adabu tuliyorithi kwa wazee, anamtajia kazi anayoomba, na aliyesihiwa mbele ya watu hakatai, wala hadai chochote zaidi ya chakula. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi nikainama. Niliweka mwiko chini, nikajifuta mikono kwenye aproni, nikasimama mbele ya mtu yule.

"Jirani Nolberto," nikasema, "nimekuja kukusihi. Mama yangu hana sakafu. Nakuomba kwa hisani yako uizibe, leo, ubao kwa ubao, na majirani hawa wakae wakutazame."

Kila neno la adabu lilinichoma ulimi. Nolberto akatazama watu, akatafuta hata uso mmoja wa kumsaidia. Mzee Sofanor alikwenda kuwafungua nira ng'ombe wa Nolberto akawaacha wale majani pembeni, na sote tukaelewa kwamba ng'ombe wale hawatavuta nyumba ya mtu mpaka jambo hili liishe.

"Nimekubali, dada," Nolberto akasema, chinichini.

Alikwenda na mkokoteni akarudi na sufu. Ilikuwa na alama za waya, na mpya haina alama. Aliing'oa chini ya vibanda vyake mwenyewe na hatukumuuliza. Akalala chali kwenye matope, watu wamesimama kuzunguka nyumba wanamwangalia miguu, na kila alipomaliza kipande Mzee Sofanor alikichokoa kwa fimbo yake ya kuswagia ng'ombe kuona kama kimeshika. Kuvuta nyumba kukaahirishwa mpaka kesho yake. Na chakula nilimpa, maana minga ni minga. Nilimpa milcao moja. Ya kuongeza hakupata.

Mchana ule Eleodoro alinivuta kando. Macho yalikuwa mekundu. Alisema Jumamosi atamleta Mama nyumbani, na kwamba atamweleza yote taratibu wakiwa njiani, wawili peke yao. Nilimwambia hapana. Mama alifanyiwa kichekesho dukani, mbele za watu, na yeye akayarudia maneno hayo akiwa Puerto Montt. Hakuna cha taratibu wala cha wawili. Apige simu sasa hivi, hapa, na sauti aifungulie watu wote waisikie.

Akapiga. Tulisikia televisheni ya kule ghorofani, kisha pumzi ya Mama.

"Mama," akasema, "ulisema kweli. Sakafu haikuzibwa."

Wanaume wakavua kofia, sijui kwa nini, kama vile ameingia.

"Nani wako hapo?" Mama akauliza.

"Wote, Mama. Wamekuja minga."

"Na Nolberto?"

"Yuko chini ya nyumba anaiziba."

"Basi sema tena, mwanangu. Sema kwa nguvu, na yeye asikie huko aliko."

Kaka yangu akapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya mjini, akaingiza kichwa uvunguni, akasema tena.