Kanga Nyekundu Ng'ambo ya Barabara

Kabla ya alfajiri nilisikia mfuniko wa birika ukigongagonga jikoni. Mkaza mwanangu alikuwa ameamka kumchemshia mumewe chai, maana mwanangu asipotoka gizani, foleni humla mzima. Nikajitanda mtandio, nikamfuata mwanangu mlangoni.

"Baba, leo nipeleke kwa dada yangu."

"Mama, mimi nampita mama mkubwa kila siku, kwenda na kurudi. Lakini pale hakuna pa kusimama. Nikisimama tu, lori linanivaa. Mpaka nikageuze kule mzungukoni nirudi, kazini washafunga geti. Subiri Jumapili."

"Jumapili yako ina miguu mirefu, mwanangu. Kila nikiikaribia inakimbia."

Akacheka, akanishika bega, akaondoka. Simlaumu. Mwenye gari naye huenda barabara inakotaka.

Zamani, kati ya mlango wangu na wa dada kulikuwa na kichochoro tu. Niliweza kubandika sufuria, nikaenda kwake kuomba chumvi, nikarudi maji hayajachemka. Kisha ikaja barabara kuu, na katikati yake ukuta wa zege. Daraja la waenda kwa miguu wakaliweka mbali, karibu na maduka makubwa, na ngazi zake ni za vijana. Basi linazunguka mji mzima. Pikipiki ipo, ya mume wa binti yangu, kijana mwema, kila mara huniambia, "Mama, panda nikupeleke." Lakini mimi nimshike mkwe wangu kiunoni mbele za watu? Heri magoti yaume.

Na simu dada haiwezi. Masikio yake yanataka mtu akae karibu.

Basi tukajitafutia njia yetu. Kibaraza changu cha nyuma kiko juu kidogo. Nikisimama hapo naiona kamba yake ya nguo juu ya ule ukuta. Tukapatana: kila asubuhi yeye aanike kanga nyekundu, mimi ya kijani, kila mmoja ajue mwenzake kaamka salama. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Nikishaiona, nakunywa chai kwa amani.

Sasa jana yake mvua ilinyesha mchana kutwa, na kanga nyekundu ikabaki kambani inalowa. Dada yangu? Yule ambaye wingu likijikusanya tu huanua hata nguo za majirani? Usingizi haukunijia.

Kwa hiyo mwanangu alipoondoka, na mimi nikaondoka.

Katikati ya ngazi za daraja magoti yalikataa. Mwanamke aliyekuwa akifagia pale akageuza ndoo yake, akaipangusa kwa upindo wa nguo yake.

"Kaa, bibi. Daraja hili waliwajengea mbuzi."

"Mbuzi ana akili, mwanangu. Angepita chini."

"Wanaopita chini, bibi, mimi ndiye ninayeokota viatu vyao."

Akanipandisha hadi juu, ufagio kwapani, na akanishusha upande wa pili, ingawa kazi yake ilikuwa inamsubiri.

Kwa dada alinifungulia mpangaji wake, mshona nguo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Aliponiona akajishika mdomo.

Dada alikuwa kitandani. Upande mmoja wa uso umelegea, mkono umelala juu ya shuka kama si wake. Hili halikuwa jambo la jana. Mwili ulikuwa umeshapungua.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu kabla ya msimu wa mvua kuanza," mpangaji akasema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, mama mdogo. Kanga nilikuwa naanika mimi. Aliniapisha. Alisema, 'Mdogo wangu asipoiona atavuka pale chini, magari yamuue.' Jana nilipeleka nguo za mteja, mvua ikanizuia hukohuko."

Nilitaka kumkasirikia. Lakini nikaona foronya ilivyo safi, nywele za dada zimesukwa, na kikombe kimewekwa upande wa mkono ulio mzima. Nikamshika yule mama mikono yote miwili.

Nikakaa kitandani, karibu na sikio la dada.

"Umepitia wapi?" akauliza, maneno yakitoka kwa tabu.

"Darajani."

"Na magoti hayo? Mwehu wewe, tangu utotoni."

"Mwehu nani? Aliyenidanganya kwa nguo?"

Akacheka kwa nusu ya mdomo, machozi yakamtoka macho yote mawili. Nikamlisha uji, nikamkanda miguu kwa mafuta. Nje magari yalinguruma bila kupumzika, pengine na la mwanangu limo. Siku zote zile nilikuwa nakunywa chai yangu kwa amani, naye amelala hapa, na kati yetu upana wa barabara tu.

Darajani hakuna taa. Ilinibidi niondoke jua lingali juu. Nilipomwambia, hakulalamika, alinishika mtandio kwa mkono wake mzima.

"Njoo tena," akasema.

"Nitakuja." Nilisema hivyo, na magoti yangu nayajua.

"Njoo, mdogo wangu. Ukinikuta nimelala, niamshe."