Wingu Lisilo na Kivuli

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi si mtu wa mizimu. Miaka tisa nimekaa ghorofa ya tatu, dirisha langu likitazama paa la gereji, nikipima maziwa kwa picha za setilaiti. Maziwa arobaini na moja ya dunia nzima, na yote yanakauka, yanapishana mwendo tu. Kuna ziwa liko nchi ambayo hata salamu yao siijui, lakini niamshe usingizini nitakwambia ukingo wake umerudi nyuma mita ngapi tangu mwaka juzi. La arobaini na moja ni la kwetu, la chumvi, na mama yangu alikuwa akiishi ukingoni mwake. Ukingoni ni neno la zamani. Kutoka mlangoni kwake hadi majini ulikuwa umeshafika mwendo wa saa nzima kwa miguu, juu ya tope lililokauka.

Kazi yenyewe haina maajabu. Kila wiki mbili picha mpya inaingia, na programu inatafuta mawingu, maana wingu linaficha ardhi. Kila kitu cheupe sana inakizungushia mstari na kuniuliza: nifute? Nabonyeza ndiyo. Palipofutwa panabaki tundu, na ramani yenye matundu haipelekwi kwa wakubwa, kwa hiyo ninaliziba kwa kipande cha picha ya zamani, cha mahali palepale, siku ambayo anga ilikuwa safi. Tunakiita kiraka. Ukimaliza, ramani inang'aa kama sahani iliyooshwa, na hakuna awezaye kujua kipi ni cha wiki hii na kipi ni cha enzi hizo. Nilikuwa mwepesi wa viraka kuliko wote pale ofisini, na nilijivunia, sifichi.

Ardhi ilipoanza kudidimia kando ya ziwa, serikali ilichukua ramani yangu na kuchora juu yake mstari mwekundu. Walio ndani ya mstari wahame, walio nje wakae. Nyumba ya mama ilikuwa nje, kwa mita mia mbili na ushei.

Mdogo wangu hakuridhika. Ni mwashi, na kila mtu anamwita Fundi, hata mama aliyemzaa. Akanipigia simu mchana mmoja, nasikia nyuma yake watu wanachanganya zege.

"Dada, sakafu ya mama imepasuka. Nimeziba mara tatu, inapasuka palepale."

"Labda saruji yako ndiyo mbovu."

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa nimeziba, na ukuta bado unaondoka. Njoo uone mwenyewe."

"Naona kila wiki mbili, mdogo wangu. Naona kutoka juu. Wewe una mwiko, mimi nina setilaiti. Nani anaona mbali?"

"Aliye juu mngoje chini," akasema, akakata simu.

Nilikasirika hadi chakula cha mchana hakikupita. Tangu utotoni Fundi anapenda kuonekana yeye ndiye anayemjali mama, na mimi ndiye niliyehamia mjini. Basi ili nimalize ubishi nikachapisha ramani, karatasi nzuri nzito, nikaitia fremu ya kioo, nikampelekea mama. Nyumba yake katikati, mstari mwekundu mbali kule pembeni, na chini kabisa jina langu kwa herufi ndogo. Akaitundika sebuleni, mkabala na kiti chake. Nikamwambia, "Mama, watu watakwambia mengi. Setilaiti haidanganyi."

Jumapili iliyofuata akanipigia. Nyumbani wananiita Jicho. Baba ndiye aliyenipa jina hilo, kwa sababu kila kilichopotea mle ndani mimi ndiye niliyekiona.

"Jicho," akasema mama, "kuna mtu anabisha hodi."

"Basi kamfungulie."

"Si mlangoni. Ni chini ya sakafu, mwanangu. Anagonga mara mbili, ananyamaza, anagonga tena. Kwa adabu kabisa."

Nikacheka. "Sasa si umkaribishe?"

"Nimemkaribisha," akasema, na hakuwa anacheka.

Wakati huo baba alikuwa na mwaka mmoja na nusu kaburini. Nikajisemea, ni upweke, masikini mama yangu. Jumapili nyingine akaniambia chai inatikisika kikombeni bila mtu kuigusa. Iliyofuata akaniambia mgeni amesogea, sasa anagonga chini ya meza ya kulia. Kila mara sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao sikuusikia tangu mazishi, na hicho ndicho kilichokuwa kikinitia baridi. Lakini nilikuwa na ramani yangu. Nilimwambia anywe maji ya kutosha.

Ndipo ofisini wakatuletea mhakiki mpya wa kupitia kazi zetu. Alikuwa mtabiri wa hali ya hewa miaka thelathini, akastaafu, akarudishwa kwa mkataba. Tulimwita Mzee Mvua, kwa sababu yeye akisema kesho mvua, wewe anika nguo. Alikuwa akinywa chai kwa kuivuta kwa sauti hadi natamani kumpokonya kikombe. Asubuhi moja akaniita mezani kwake.

"Binti, wingu hili ni la nani?"

"La Mungu, mzee. Mawingu yote ni ya Mungu."

"Nauliza kwa sababu halina kivuli."

Alikuwa amezipanga kwenye skrini picha mbichi, zile za kabla ya viraka, nane kwa mstari. Katika kila moja palikuwa na doa jeupe, laini pembeni, kama maziwa yaliyomwagika.

"Wingu liko juu, na jua liko juu zaidi," akasema. "Lazima kivuli kianguke mahali. Haya mengine yote yana vyake, tazama. Hili halina. Halafu mawingu huenda zake, binti. Hili lina miezi minne hapa." Akavuta chai. "Nimekosea. Halikukaa. Linasogea kidogo kidogo, linakuja huku."

Kidole chake kikatua juu ya paa ninalolijua.

Kisicho na kivuli hakiko angani, kimelala chini. Ilikuwa chumvi. Ziwa likikauka, maji matamu ya chini yanapenya yasikopaswa kufika, yanayeyusha chumvi iliyozikwa ardhini, na chumvi hiyo inapanda juu na kugandia kama ukoko. Chini panabaki mapango. Programu iliona cheupe ikasema wingu, nami nikabonyeza ndiyo. Mara nane nilifuta kitu kinachomwendea mama yangu, na mara nane nikabandika juu yake ardhi ya zamani iliyo nzima.

Nikaivuta karibu picha ya mwisho. Weupe ulikuwa umeizunguka nyumba pande tatu. Ndani ya weupe, kuelekea jikoni, palikuwa na vitundu vyeusi vimejipanga kimoja baada ya kingine, mithili ya nyayo. Nikampigia mdogo wangu.

"Fundi, uko wapi?"

"Kazini."

"Nenda kwa mama sasa hivi. Mtoe."

"Si yuko nje ya mstari?" Hakuwa ananikejeli. Angenikejeli ningepata nafuu.

"Mstari ni wa uongo. Nenda!"

Nikasikia pikipiki inawaka. Kutoka pale hadi kwa mama ni dakika tano. Nikampigia mama.

"Mama, toka nje. Fundi anakuja."

"Nimeteleka chai."

"Achana na chai!"

"We Jicho, mbona unanifokea? Kwani kuna nini? Ramani yako si hii hapa."

"Ramani imekosea, mama."

Kisha akasema taratibu, kama mtu anayenionea huruma, "Haijakosea. Gari la baba yako liko uani."

"Gari gani?"

"Lile la buluu. Liko kando ya jiko, palepale alipokuwa akiliegesha. Nimelitazama kwa miwani, nikalitazama kwa kile kioo cha kukuzia maandishi. Gari lile tuliliuza wiki moja baada ya mazishi, na wewe ulikuwepo. Lakini ulisema mwenyewe setilaiti haidanganyi. Basi nikajua amerudi. Gari liko nje, yeye anabisha hodi. Nikitoka mimi, atafunguliwa na nani?"

Niliifungua ramani huku simu nimeibana begani. Kando ya jiko, kweli, palikuwa na kidoa cha buluu, kidogo kama punje ya dengu. Kiraka kile nilikikata kutoka picha ya miaka miwili nyuma. Anga safi, saa nne asubuhi, baba yu hai, pengine yuko ndani anatafuta miwani yake na kusema kama Jicho angekuwepo angeshaiona. Nimeibandika siku ile mara nane bila hata kuitazama.

Halafu nikasikia, ndani ya simu. Ko, ko. Kimya. Ko, ko.

"Unamsikia?" mama akauliza kwa furaha. "Leo yuko karibu sana."

Nilijua la kusema, na nilijua nikilisema nitakuwa namuua baba mara ya pili, mbele ya mke wake. Nikalisema.

"Mama, nisikilize. Hajarudi. Pale pana kiraka. Palikuwa na ubaya, mimi nikaufuta, nikachukua picha ya zamani, baba akiwa hai, nikaibandika juu. Lile gari nililiweka mimi."

Ko, ko.

"Kwa nini, mwanangu?"

Ningeweza kumwambia habari za programu na wakubwa. "Ili ramani ipendeze," nikasema, na nikaanza kulia pale mezani kwa watu.

"Nyinyi wanangu," akasema mama polepole. "Wote wawili mafundi wa viraka."

Nikasikia pikipiki, nikasikia Fundi akiita "Mama! Mama!", kitu kikaanguka, simu ikakatika.

Nilisubiri dakika kumi na moja. Mzee Mvua alisimama nyuma ya kiti changu na hakugusa chai yake. Simu ilipolia nilishindwa kuipokea, akaipokea yeye na kuniwekea sikioni.

"Tuko barabarani," Fundi alisema. Alikuwa anahema. "Jiko limekwenda kwanza. Halafu sebule. Bila kelele, dada. Ilikaa tu chini, kama mtu aliyechoka."

"Mama?"

"Mzima. Hakubeba hata kanga ya kubadilisha. Amebeba ile ramani yako."

Siku hiyohiyo niliandika kwa mkono wangu kosa langu lote, viraka vyote vinane. Bosi wangu alipiga kelele hadi akaishiwa, kisha akauliza nyumba ngapi. Kumi na saba, zote nje ya mstari, zote watu wake wakilala vizuri kwa kuliamini jina langu. Kufikia jioni nyumba zote zilikuwa tupu. Fundi hajawahi kunikumbusha yale maneno ya mwiko na setilaiti, na mimi sijawahi kumwomba radhi kwa mdomo, ila nilimnunulia pikipiki mpya na akaelewa.

Mama anaishi kwangu sasa. Ramani aliitundika sebuleni, mkabala na kiti, na nilipotaka kuitoa akanitazama kwa jicho moja tu nikarudi nyuma.

Wiki mbili zikatimia, picha mpya ikaja. Sikuiachia programu iiguse. Niliitazama mbichi, kidole kwa kidole. Palipokuwa na nyumba pana shimo jeusi, la duara, limezungukwa na weupe. Hakuna paa wala ua. Ila kwenye mdomo wa shimo, upande wa barabarani, palikuwa na kidoa cha buluu.

Nikakagua orodha ya viraka. Hakuna hata kimoja. Nikampigia Fundi.

"Uliacha kitu cha buluu kule? Turubai? Pipa?"

"Dada, uani kote kumeshuka. Hakukubaki hata jiwe, na wamezungushia waya, mtu hapiti. Kwa nini?"

Nikamwita Mzee Mvua. Nilimsihi, kwa kweli, aniambie ni hitilafu, ni vumbi la kamera, ni chochote. Aliinama muda mrefu, pua karibu iguse skrini.

"Hiki kina kivuli," akasema, akarudi kwenye meza yake.

Nyumbani mama alinisubiri na chai, alijua ni siku ya picha.

"Imekuja?"

"Imekuja."

"Na gari?"

Nilikaa. Kumwambia halipo kulikuwa rahisi, sekunde moja tu, na angelala vizuri, nami ningelala. Viraka nimebandika vingi maishani.

"Lipo, mama," nikasema. "Limetoka uani. Liko nje, limeelekea barabarani. Sijui ni nini, lakini sikuliweka mimi."

Mama aliweka kikombe mezani. Akaitazama sakafu yangu, vigae vyangu vyeupe, akitega sikio. Kulikuwa kimya.

"Basi nilimkosea," akasema. "Miezi yote ile nilidhani anaomba kuingia. Kumbe alikuwa ananiambia nitoke."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja. Kisha akanyoosha kidole ukutani.

"Itungue hiyo," akasema. "Ni ya zamani."