Kiti Kina Mwenyewe

Jumamosi ya tatu ya Oktoba mwaka 2004, saa kumi na moja jioni, Daria Hnatiuk alimimina kahawa kwenye chupa ya chai, akakaza kifuniko, akatia mkobani mfuko wa mbegu za alizeti zenye chumvi. Kwenye mlango wa friji alikuwa amebandika ratiba ya mechi za nyumbani. Ilikuwa imechapwa tangu kiangazi. Ilisema saa moja usiku, na Daria hakuwa mtu wa kuchelewa.

Treni ya mjini ilimshusha mbele ya uwanja. Siku za mechi kituo kile hujaa watu waliovaa fulana za timu juu ya makoti. Jioni hiyo alishuka peke yake, na upepo ukamsindikiza mpaka mlango wa kaskazini. Taa za nje zilikuwa zimezimwa. Tangu katikati ya Septemba, wenye timu za hoki ya barafuni walikuwa wamewafungia wachezaji milango. Wenye timu walitaka mishahara iwekewe kikomo, wachezaji hawakutaka kikomo, na kila upande ulisema unafanya hivyo kwa ajili ya mashabiki.

Nyuma ya kioo alikaa Wendell Cardinal. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mwonyesha viti wa safu za juu. Sasa walikuwa wamembakiza kulinda mlango.

"Hakuna mechi, mama," alisema kupitia upenyo wa mlango.

"Najua hakuna mechi. Macho ninayo, magazeti nasoma. Yeye amekuja?"

Wendell aligeuka kutazama korido yenye giza. "Yupo. Amefika mapema leo."

Huyo aliyefika mapema alikuwa mume wa Daria, Orest, fundi wa matanuru ya kupashia nyumba joto, aliyefariki Februari ya mwaka 1999. Alifariki Jumanne, akazikwa Ijumaa. Jumamosi Daria alikwenda kwenye mechi kwa sababu tikiti za msimu zilikuwa mbili mkobani na nyumba ilikuwa na ukimya ambao hakuweza kukaa nao. Katikati ya kipindi cha kwanza Orest alikuja akipita mbele ya magoti ya watu, amevaa suti aliyozikwa nayo, akisema, "Samahani. Samahani, mama, miguu." Watu walivuta miguu. Akakaa kiti cha kumi na moja, karibu na mkewe.

"Ngapi ngapi?" aliuliza.

"Moja bila. Wanaongoza wao."

"Nilijua tu."

Wendell alipanda ngazi akamwomba tikiti, maana kanuni ni kanuni. Daria alizitoa zote mbili. Wendell alizitazama kwa tochi, akasema, "Pole kwa msiba," akashuka.

Tangu hapo Orest alikuja kila mechi ya nyumbani, mara arobaini na moja kwa mwaka. Kwingine hakuonekana. Daria alimngoja jikoni, akamngoja makaburini hata vidole vikafa ganzi, hakuja. Binti yao aliishi Halifax, upande mwingine wa Kanada, na alipiga simu Jumapili. Siku nyingine zote Daria alizungumza na redio.

Lakini mle uwanjani walikuwa kama zamani. Refa alipokosea, Orest alisimama na kupaza sauti, "Refa, miwani yako iko wapi?" na Daria, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake, alijibu, "Kaikalia." Hawakuwahi kuacha hata mara moja.

Jambo moja tu lilimtia wasiwasi. Kila Oktoba, baada ya kiangazi kisicho na mechi, Orest alihitaji muda. Alimtazama Daria kwa upande, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka funguo, na jina la mkewe lilimrudia mnamo kipindi cha pili. Daria aliligundua hili mapema na hakulisema kwa mtu.

"Nifungulie nikae naye," alimwambia Wendell.

"Siwezi, mama. Haingii mtu bila kibali. Ni mambo ya bima."

"Mbona yeye yumo?"

"Bima inahusu watu wanaoweza kuumia."

Daria alifikiri, akaona jibu hilo lina mantiki. Akampa chupa ya kahawa na mfuko wa mbegu. Wendell alivipeleka juu, akakaa huko kama dakika kumi, akarudi.

"Anasema, Daria asisahau kumwaga maji yaliyobaki kwenye mpira wa kumwagilia bustani kabla hayajaganda."

"Mwambie nimemwaga."

Ndivyo walivyoendelea. Daria alifuata ratiba ya kwenye friji, mechi baada ya mechi. Katikati ya Novemba waliyeyusha barafu ya uwanjani ili kuokoa umeme, na Wendell akaleta swali: Orest anauliza barafu imekwenda wapi. Mwisho wa Novemba akaleta salamu: "Anasema, mwambie mke wangu nipo." Daria alisikia kwamba safari hiyo jina halikutajwa. Alikaa usiku kucha akiandika barua mbili, moja kwa wenye timu na moja kwa chama cha wachezaji. Aliandika kwa herufi kubwa ili wasichoke kusoma. Hakuomba mambo makubwa. Aliomba wakae chini wamalize kabla ya Krismasi, kwa sababu mume wake anasahau.

Majibu yalifika pamoja, siku moja. Yote mawili yalisema kwamba mashabiki ndio moyo wa mchezo.

Kabla tu ya Krismasi Wendell aliteremka, akaanza kufuta upande wake wa kioo kwa mkono wa koti.

"Sema, mwanangu."

"Ameuliza kama kuna mwanamke amefika. Nikamwambia yupo mlangoni. Akasema, basi mpishe, nimemshikia kiti."

"Anafananaje, huyo mwanamke? Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza, mama. Akasema atamjua akimwona."

Daria aliweka kiganja juu ya kioo. "Wendell, nifungulie. Dakika tano tu. Anione."

"Nina watoto watatu na kazi hii moja," alisema Wendell. "Wenzangu wameshapunguzwa. Kuna kamera hapo juu. Usiniombe tena, tafadhali."

Hakumwomba tena. Alisubiri treni kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, akasali akiwa amesimama. Hakuomba timu ishinde, ingawa kwa miaka mingi aliomba hivyo na kutubu baadaye.

Februari, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Orest, alikwenda kwa Padre Taras na mkate na mshumaa, kama kila mwaka.

"Tumwombee apumzike kwa amani," alisema padre.

"Mwaka huu hapana, Padre. Asipumzike kwanza."

Padre Taras alikuwa mzee na alikuwa na tikiti zake mwenyewe, safu ya chini. "Basi tumwombee nini?"

"Anikumbuke."

Padre alifungua kitabu chake akatafuta. Zilikuwamo sala za kumwomba Mungu amkumbuke marehemu, nyingi na nzuri. Sala ya kumwomba marehemu aikumbuke nyumba yake haikuwamo. Akakifunga, akawasha mshumaa, wakapiga magoti wote wawili, kila mmoja akasema kwa maneno yake.

Wiki iliyofuata msimu ulifutwa wote. Jioni ya mechi iliyokuwa kwenye ratiba Daria alimkuta Wendell nje ya mlango, na sanduku la vitu vyake mkononi.

"Wamenipunguza," alisema. "Leo saa nne asubuhi. Funguo wamechukua. Nimekungoja nikuage."

"Pole, mwanangu."

"Mama, ningejua wataniondoa tu, ningekufungulia tangu ile Oktoba."

"Najua," alisema Daria. Wakagawana kahawa hapo hapo kwenye theluji, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kuipeleka juu.

Julai pande mbili zilikubaliana, zikapeana mikono mbele ya kamera. Oktoba milango ilifunguliwa. Daria alifika kabla ya wote, amevaa lile koti jekundu ambalo Orest alizoea kulicheka. Kwenye barafu mpya walikuwa wameandika kwa rangi, kwa herufi ndefu kuliko mtu: ASANTENI MASHABIKI. Watu waliyaona maneno hayo wakapiga makofi.

Orest alikuwa ameshakaa. Suti yake ilikuwa na vumbi mabegani. Daria alipita, akakaa kiti cha kumi na mbili, akaweka mkoba magotini.

Orest aligeuka akamtazama kwa adabu.

"Samahani, mama," alisema. "Hicho kiti kina mwenyewe. Namngoja mke wangu."

"Najua," alisema Daria. "Namshikia."

"Asante sana. Amechelewa kidogo."

Mechi ilianza. Kipindi cha kwanza kilipita, na cha pili kikapita. Daria alimimina kahawa, akafungua mfuko wa mbegu, akamsogezea. Orest alichukua chache, kama anavyochukua mtu anayekaribishwa na asiyemjua. Katika kipindi cha tatu, cha mwisho, refa aliacha kosa la wazi. Orest alisimama.

"Refa, miwani yako iko wapi?"

"Kaikalia," alisema Daria.

Orest alikaa taratibu. Alimtazama kwa upande muda mrefu.

"Mke wangu naye husema hivyo hivyo," alisema Orest. "Mtapatana nyinyi wawili."

Kengele ya mwisho ililia. Watu wakaanza kuinuka na kutafuta glavu zao. Orest alifunga kifungo cha suti.

"Akija, mwambie nilikuwepo."

"Nitamwambia," alisema Daria, akavuta miguu ili apite.