Kioo cha Shemeji

Yule kinyonga tulimwita Shemeji. Jina alipewa na mdogo wangu, mchora mabango, mume wangu alipofunga virago na kuniacha. Alisema nyumba isikose mwanamume, na huyu angalau hajibu mtu. Wengine walimkimbia mnyama huyo. Yeye alimlea miaka mitatu chumbani kwake, akanenepa.

Mdogo wangu alipolazwa hospitali, aliniachia mimi. Alinielekeza huku akipumua kwa shida: ninyunyizie majani maji asubuhi na jioni, maana kinyonga hanywi kwenye bakuli, hulamba matone; nimpe panzi wawili kwa siku na jua la asubuhi, nisimshikeshike.

"Akifa huyu, dada, na mimi usinitafute," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Neno lile nililichukua kama kiapo: Shemeji akiishi, mdogo wangu atarudi nyumbani.

Mimi ni fundi cherehani. Nikalileta tundu lake kwenye chumba changu cha kushonea, pale dirishani. Kila nikiinua macho namwona yuko juu ya tawi peke yake, jicho moja huku, jingine kule, na moyo unaniuma. Mimi na upweke tunajuana. Basi nikakigeuza kile kioo kirefu ambacho wateja hujitazamia nguo, nikakielekeza kwake, apate mwenzake.

Akabadilika palepale. Alivimba, akatoa mistari ya njano na kijani kibichi, akaachama kinywa. Sikuwahi kumwona mzuri namna ile. Nikawa nawaonyesha wateja kana kwamba ni kazi ya mkono wangu. Panzi hakuwagusa, nami kwa ujuaji wangu nikasema mwenye furaha hakumbuki kula.

Hospitali nilikwenda kila jioni, na sikwenda peke yangu. Nilikusanya shangazi, majirani na wachora mabango wenzake, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Naye hakutuangusha. Aliwaigiza manesi, akamtania shangazi, akatuvunja mbavu mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba tupunguze sauti. Nilikuwa narudi nyumbani nimefarijika.

Siku ya tisa nilimwinamia nikamwambia Shemeji amevaa rangi zake zote. Tabasamu likafutika usoni mwake.

"Mbele yake kuna nini?"

"Kioo. Nimempa mwenzake."

Alifumba macho. "Kitoe leo hii, dada. Kinyonga hataki mwenzake. Zile rangi si furaha, ni hofu. Anaona adui, na hana pa kukimbilia. Kwangu hakukuwa na kioo, ndiyo maana sikuwaza kukuambia."

Nilikimbia mpaka nyumbani, kiatu kimoja kikikatika njiani. Shemeji alikuwa ameshuka chini kabisa kwenye tundu, amekuwa mweusi, macho yamezama. Nikakifunika kioo kwa shuka. Nikanyunyizia majani maji. Matone yakampitia mbele ya mdomo wala hakuyalamba. Siku mbili nilimkalia pale bila kushona hata pindo, nikimkaripia kila mteja aliyebisha hodi. Asubuhi ya tatu nilimkuta amekufa, kucha zimekamata kijiti. Nilimuua mimi, kwa huruma yangu ya kijinga, na niliogopa kama mtu aliyeua wawili.

Jioni hiyo nilikwenda na watu wangu kama kawaida. Mdogo wangu alianza vichekesho tangu tukiwa mlangoni. Nikawaomba wenzangu watoke kidogo, nikamwambia. Nilitaka alie, au anitukane, ningemshukuru. Alinitazama tu. Kisha uchangamfu ukaanza kumtoka usoni, kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe nikaona jinsi alivyokonda na jinsi alivyokuwa akiogopa.

"Kesho usije na watu," akasema. "Njoo wewe tu, tukae kimya. Nimechoka kuwachekesha."

Nilikwenda peke yangu siku nne. Nilivuta kiti karibu, yeye akageukia ukutani, na hakuna aliyemsemesha mwenzake. Siku ya tano nilikuta kitanda chake kitupu, kimetandikwa.